Mvinyo Upite, Ukwaju Uzuiwe?



Leo sikuja na hina wala udi. Nimekuja na hasira, na hasira hii nimekaa nayo miaka minne. Nimeinyamazia kwa sababu kila nikiisimulia watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini wiki iliyopita biharusi mmoja alinitumia ujumbe: anakwenda fungate kwenye meli ya kitalii, na ameambiwa na wakubwa wake atie juisi kwenye chupa ya shampuu asikamatwe. Anauliza chupa gani haivuji. Hapo kicheko kikaniisha.

Naanza na mkasa wangu.

Nilipoolewa, shemeji zangu walioko Uingereza walitupa zawadi ya safari: usiku saba baharini kwenye moja ya zile meli kubwa kama mtaa mzima unaoelea, kuanzia Barcelona. Mama yangu, kama mama yeyote wa Unguja, hakuamini kuwa huko niendako kutakuwa na kitu cha kunywa. Akanichemshia ukwaju mzito, akauchuja mara mbili, akautia sukari na iliki, akaufunga kwenye chupa mbili za plastiki na kuzizungushia kanga. Bibi yangu naye akanipa kichupa cha zamzam, kidogo tu, alichokihifadhi tangu umra yake. Akaniambia usiku wa kwanza tukiwa baharini tunywe mimi na mume wangu, tuombe dua.

Bandarini mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Mbele yetu walikuwa wazee wawili wa Kizungu, mtu na mkewe, wakarimu, wamejaa tabasamu. Kila mmoja ameshika chupa yake ya mvinyo mkononi, hata hawakuitia begini. Mlinzi akazitazama, akawatakia safari njema. Ikafika zamu yetu. Begi langu likavutwa pembeni. Chupa za ukwaju zikatolewa kwenye kanga, zikafunguliwa, zikanuswa, zikatiwa pipani.

Nikamuuliza mlinzi mbona wale wazee wamepita. Alinijibu kwa adabu, hakuwa mkali hata kidogo: mvinyo unaruhusiwa, chupa moja kwa kila mtu mzima. Chupa za plastiki za vinywaji vingine haziruhusiwi.

Akanyoosha mkono achukue na kichupa cha zamzam. Hapo nilikataa. Nikampa mume wangu mkoba, nikafungua kifuniko, nikanywa nusu nikampa yeye nusu, pale pale mbele ya mashine, na foleni nzima ikitungoja. Dua ya bibi yangu ikaombwa kati ya pipa la taka na mkanda wa mizigo. Alhamdulillah, dua haina mahali maalumu. Lakini sivyo alivyotaka bibi.

Niliporudi nyumbani nikasimulia, mama mdogo akajipiga paja. "Weye mwanangu mjinga! Si ungetia kwenye chupa ya shampuu?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo nimeuona ushauri huo kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi zaidi ya mara moja, na kila mara unakuja na picha ya jinsi ya kufunga kifuniko kwa plasta.

Basi leo nasema mambo mawili, na sitaki mtu achukue moja akaliacha jingine. Kanuni inayopitisha mvinyo ikazuia maji ni kanuni ya dhulma. Na biharusi wa Kiislamu anayeikwepa kanuni hiyo kwa chupa ya shampuu naye amekosea.

Kanuni zenyewe zasemaje

Meli niliyopanda mimi siitaji, na si ya kampuni yoyote nitakayoitaja hapa. Nazitaja hizi kwa sababu kanuni zao zimechapishwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma kabla hajatoa pesa yake.

Mwaka 2015 kampuni mbili kubwa za Marekani, Carnival na Norwegian Cruise Line, zilikaza masharti yao ya vinywaji. Carnival ilikataza chupa za maji na soda. Ikabakisha makopo au paketi, 12 kwa kila abiria, kila moja isizidi ujazo wa kopo la kawaida la soda. Mvinyo ukabaki na ruhusa yake: chupa moja ya mililita 750 kwa kila aliyefikisha miaka 21, siku ya kupanda. Royal Caribbean nayo inamruhusu mtu mzima chupa moja ya mvinyo. Norwegian ilikwenda mbali zaidi: maji, soda na juisi za abiria zikakatazwa, isipokuwa maji yaliyosafishwa kwa ajili ya mashine za matibabu au maziwa ya mtoto mchanga. Na mvinyo? Unaingia, ila ulipie ada ya kila chupa. MSC, ambayo meli zake huonekana huku kusini mwa Afrika hadi Durban, kwa kawaida haimruhusu abiria kupanda na kinywaji cha aina yoyote. Wallahi hiyo ya mwisho naiheshimu kuliko zote. Imemnyima mnywa mvinyo na mnywa maji kwa usawa.

Kwa nini maji yazuiwe? Carnival ilieleza wazi mwaka ule: kuna abiria waliokuwa wakimwaga maji, wakijaza pombe isiyo na rangi, kisha wakirudisha kifuniko kama kipya. Wafanyakazi wakawa wanapoteza muda kukagua chupa moja moja na foleni zikarefuka.

Haya, itazameni habari hiyo vizuri. Aliyefanya hila ni mlevi. Aliyenyang'anywa chupa ni mnywa maji. Na mlevi akabakishiwa mvinyo wake, tena kwa kibali. Mkosaji amepewa kiti, shahidi amepelekwa jela!

Msiniambie ni usalama. Chupa ya kioo ndiyo inayopasuka ikajeruhi, na ndiyo iliyoruhusiwa. Msiniambie ni usafi. Juisi iliyofungwa kiwandani ni safi sawasawa na mvinyo uliofungwa kiwandani. Jambo hili ni biashara. Meli hizi huuza nauli kwa bei ya kuvutia, kisha hutegemea pesa unazotoa ukishapanda: vinywaji, kamari, saluni, matembezi ya bandarini. Kila kopo la soda ulilobeba kwenu ni kopo moja ambalo baa haikukuuzia. Mvinyo wameuachia kidogo kwa sababu wateja wao waliuzoea, wakaudai, wakasikilizwa. Wanywa maji hatukudai kitu.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi: hatukudai kitu. Tulinunua shampuu.

Haki ya mwenye nyumba

Nisiwe mdhalimu na mimi. Kuna dada atasema: mwenye nyumba ana haki ya kupanga kinachoingia nyumbani kwake. Ni kweli. Hapa kwetu, ukienda kwenye mkahawa wa Forodhani au wa Nungwi na chupa yako ya juisi ya mabungo, mhudumu atakutazama kwa jicho la pembeni, na ana haki. Yeye anauza juisi, ndiyo riziki yake.

Lakini mkahawani unakaa saa moja. Ukitoka nje, duka lipo. Melini unalala usiku saba, na nje ya dirisha ni bahari. Aliyekufungia ndani na akawa muuzaji wa pekee ana wajibu mkubwa zaidi kwako kuliko mwenye mkahawa. Na mwenye nyumba akishamfungulia mgeni mmoja mlango aingie na chupa yake, hana tena hoja ya kusema "mimi sipokei chupa za wageni." Anapokea. Swali ni za wageni gani.

Kwa hiyo ninachokidai si upendeleo wa dini. Nadai usawa wa kawaida kabisa. Kama mtu mzima mmoja anaruhusiwa chupa moja ya mvinyo iliyofungwa, na mwenzake asiyekunywa aruhusiwe kiasi hicho hicho cha juisi au maji yaliyofungwa. Na kama kuna nafasi ya maji ya mashine ya mgonjwa na maziwa ya mtoto, basi kuna nafasi ya kichupa cha zamzam cha bibi kizee. Kipitisheni kwenye mashine, kinuseni, kionjeni kama mnataka. Kisha mkirudishe.

Sasa tuzungumze na sisi wenyewe

Nikimaliza na wao, nakuja kwetu. Na hapa najua kuna watakaonikasirikia.

Dada, unaponunua tiketi ile, kuna masharti. Unabonyeza kwamba umeyakubali, au wakala anabonyeza kwa niaba yako. Huo ni mkataba. Dini yetu imetuamrisha kutimiza ahadi na mikataba, na Mtume wetu (SAW) alitufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali wenyewe, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kutobeba juisi yako si haramu. Ni tabu, ni dhulma ndogo, ni upuuzi. Lakini uliikubali. Huwezi kuikubali mchana ukaidanganya usiku ukiwa umevaa hijabu ile ile.

"Lakini ni ukwaju tu!" Najua ni ukwaju. Mlinzi hajui. Yeye anaona mwanamke aliyejistiri ametoa kwenye begi chupa ya shampuu yenye maji ya rangi ya kahawia, imefungwa kwa plasta. Hila yako ni ile ile ya mlevi wa vodka, hata chupa ni ile ile. Umejiweka naye safu moja kwa hiari yako, na dada atakayekuja nyuma yako na hijabu yake begi lake litapekuliwa mara mbili. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake si wewe peke yako unayeaibika.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Hii ni fungate yako. Ni siku ambazo mume wako anakusoma, nawe unamsoma. Somo yako alikufundisha mengi kabla ya kukutoa: namna ya kuzungumza, namna ya kunyamaza, namna ya kumpokea mwenzio. Sidhani kama alikufundisha kuwa jambo la kwanza mume alione kwako ni ustadi wa kuficha. Leo ni ukwaju kwenye shampuu. Yeye atajiuliza, akiwa kimya, kesho itakuwa nini kwenye nini.

Nisiwape mawaidha kama vile mimi nilipita salama. Mtihani wangu ulikuja usiku ule ule wa kwanza.

Tulipoketi mezani mhudumu alituletea orodha ya mvinyo na akatuambia kila kitu kimeshalipwa. Shemeji zangu, kwa wema wao, walikuwa wametununulia kifurushi cha vinywaji vyote. Walidhani "vinywaji vyote" ni juisi na kahawa. Ndani yake mlikuwa na pombe ya kila aina, na sehemu kubwa ya bei ile ilikuwa ni bei ya pombe hiyo. Mume wangu akasema: tuache tu, tunywe juisi, tusiwaudhi kaka zangu, pesa imeshatoka. Mimi nikasema siwezi kukaa siku saba juu ya haki ya kunywa ulevi iliyonunuliwa kwa jina langu. Ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza kama mke na mume. Tulilala tumepeana migongo, na bahari nzuri nje.

Asubuhi alinishika mkono tukaenda wote kwenye dawati la wageni. Kwenye meli ile, watu wazima wanaolala chumba kimoja hununua kifurushi cha pombe wote au wasinunue, kwa hiyo kukitoa ilibidi tukubaliane wote wawili. Tukakibadilisha kikawa cha soda na juisi. Kisha mume wangu akampigia kaka yake akamweleza ukweli bila kuzunguka. Kaka hakuudhika. Alisema, "Mbona hamkuniambia mapema? Mimi mwenyewe sikusoma." Jambo nililodhani litavunja udugu lilichukua dakika tano za maneno ya wazi.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kusema ni rahisi kuliko kuficha. Ningejua hilo bandarini Unguja, ningeandika barua pepe moja kabla ya safari, na ukwaju wa mama usingeishia pipani.

"Muislamu anatafuta nini huko?"

Najua swali hili liko njiani, na ni swali la haki. Mtume (SAW) ametukataza kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Na katika habari ya ulevi wamelaaniwa watu kumi, akiwemo anayeubeba na anayekula thamani yake. Meli yenye baa kila ghorofa si mahali pepesi kwa mtu mwenye moyo hai.

Lakini tusiwe wakali kwa meli tukawa wapole kwa ufukwe. Wangapi wetu wamefanya fungate kwenye hoteli za Nungwi, Kendwa na Paje, ambako baa iko kando ya bwawa la kuogelea? Tunaishi kisiwa kinachopokea wageni, tunajua hali ilivyo. Anayeona hoteli ile ni sawa na meli ni haramu, anieleze tofauti ni nini zaidi ya mawimbi.

Kuna hoja nzito kuliko hiyo, na sitaki kuikimbia: kama nauli ni rahisi kwa sababu baa inauza, je, asiyekunywa hafaidiki na pesa ya mnywaji? Mimi si mwanachuoni. Muulizeni sheikh mnayemwamini. Ninachojua ni kwamba kuna umbali kati ya kukodi chumba kwa mtu ambaye pia anauza pombe, na kulipia pombe yenyewe kwa jina lako. La kwanza wengi wetu tunaishi nalo kila siku. La pili unaweza kulikataa kwa neno moja, na hakuna anayekulazimisha kunyamaza.

Na njia nyingine ipo sasa. Desemba 2024 meli ya Aroya ya Saudi Arabia ilianza safari zake kutoka Jeddah katika Bahari ya Sham. Si mashua, ni meli yenye vyumba zaidi ya 1,600, iliyojengwa Ujerumani mwaka 2017 kwa jina jingine kabla ya kununuliwa na kutengenezwa upya. Haiuzi pombe kabisa. Jeddah, dada zangu! Mlango ule ule tunaoupitia tukienda umra. Biharusi anaweza kuanza na Makka na Madina, akamalizia baharini, bila kunuswa chupa yake na mtu anayetafuta vodka. Sisemi ni rahisi kwa bei, wala sisemi haina kasoro. Nasema tusidai kuwa hatuna pa kwenda.

Kabla ya kulipa

Dada yangu biharusi uliyeniuliza kuhusu chupa isiyovuja, jibu langu ni hili. Iache shampuu iwe shampuu. Fanya haya badala yake.

Kwanza, soma kanuni ya vinywaji ya kampuni yako, wewe mwenyewe, si wakala, si mama mdogo. Zinabadilika, usitegemee mkasa wangu wa miaka minne. Tazama kama inaruhusu makopo au paketi zilizofungwa, na kiasi gani. Ikiruhusu, chukua kiasi hicho kamili bila aibu. Ukwaju wa paketi si ukwaju wa mama, lakini utafika.

Pili, kama una zamzam, au una kinywaji cha dawa, au una mtoto mchanga, andika barua pepe wiki kadhaa kabla. Eleza ni nini, ni kiasi gani, uombe jibu kwa maandishi, ulichapishe ubebe mkononi. Wakikataa, utajua ukiwa nyumbani. Utainywa na bibi yako sebuleni kwa utulivu, si mbele ya pipa.

Tatu, uliza nini ni bure. Kwenye meli nyingi maji ya kawaida, chai na kahawa kwenye mkahawa wa kujihudumia huwa ndani ya nauli. Na usiyaogope maji ya melini: mengi hutokana na maji ya bahari yaliyotolewa chumvi na kusafishwa hapo hapo. Beba chupa tupu. Chupa tupu si kinywaji.

Nne, likikutokea neno "kifurushi", piga hesabu kwanza. Tuseme kifurushi cha pombe ni dola 70 kwa mtu kwa siku. Watu wawili, siku saba, ni dola 980. Kampuni kadhaa huongeza juu yake bakhshishi ya asilimia 18 au 20. Kwa asilimia 18 umefika dola 1,156 na senti. Jamani, hiyo ni mahari ya mtu! Na umeitoa kwa ajili ya vinywaji ambavyo hutavigusa. Omba kifurushi kisicho na kilevi, au usichukue chochote ununue juisi moja moja ukiwa na kiu.

Tano, sema na mwenzio kabla ya safari. Na mkipewa zawadi, ulizeni kwa upole ndani yake mna nini. Kuuliza zawadi ina nini si utovu wa adabu, kama ndani yake kuna kitu ambacho dini imekikataza.

Na nyinyi mawakala wa safari wa kwetu, Waislamu wenzetu, mnaokaa nasi safu moja msikitini: acheni kuwauzia mabiharusi wetu "kila kitu kimo" bila kuwaambia kwamba kila kitu ni pamoja na pombe. Mnajua. Mnasoma masharti yale kila siku. Kumficha mteja aibu ya bidhaa ni kumghushi, na mnajua aliyesema mwenye kughushi si katika sisi. Ongezeni mstari mmoja tu kwenye tangazo. Hautawafilisi.

Ukishafanya yote hayo na bado mlinzi akakutolea juisi yako huku mvinyo ukipita, usipige kelele pale. Yule ni mfanyakazi, si yeye aliyeandika sheria. Lakini ukirudi nyumbani, andika. Andika kwa kampuni, kwa jina lako, kwa heshima, kwamba wewe ni mteja uliyelipa nauli kamili, kwamba hunywi, na kwamba kanuni yao imemheshimu mnywaji kuliko wewe. Mmoja akiandika watatupa. Mia wakiandika watahesabu. Wanywa mvinyo walihesabiwa kwa sababu walijulikana wapo. Sisi tumejificha kwenye chupa za shampuu, nani atatuhesabu?

Nafikiria fungate ya bibi yangu. Hakwenda popote. Alikaa chumbani siku saba, na kwa siku saba chakula na vinywaji vililetwa mlangoni kwenye sinia lililofunikwa kawa, bila yeye kuomba, bila mtu kukagua. Zile siku zimepita, na wengi wetu tunataka kuiona dunia na waume zetu, na hakuna ubaya. Lakini tunapopanda meli za watu, tupande na kile alichokuwa nacho bibi akiwa ndani ya chumba chake: hakuwa na cha kuficha.

Mwaka huu mdogo wangu anaolewa, inshaallah. Mama ameshanunua ukwaju. Nimemwambia auchemshe, auchuje mara mbili, autie iliki, tuunywe sote hapa nyumbani usiku wa kuamkia safari. Zamzam ya bibi itakwenda na barua yake ya ruhusa, au haitakwenda.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na rehema, na awafungulie riziki ya halali nchi kavu na baharini. Aamin.